Jinsi ya kuingia kazi ya usalama na afya kazini ukiwa Mombasa

Kila kibarua anapoangukiwa na mzigo kwenye godauni, au fundi anapoteleza jukwaani huko Nyali, hakosi mtu matangani wa kusema "ajali haina kinga". Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyasikia roho huniuma, maana mara nyingi niliiona ile kinga iliyokosekana: ubao mmoja, mnyororo mmoja, dakika kumi za kungoja. Kazi ya afisa wa usalama ni kuitafuta kinga hiyo kabla watu hawajakaa matanga. Mimi nilianza kama kibarua wa kupakua mizigo Shimanzi, na leo kazi hii ndiyo inayonilisha. Vijana wengi huniuliza nilipita wapi. Nitaeleza hatua kwa hatua, pamoja na pale nilipopotea njia.

Hatua ya kwanza: Ijue kazi kabla ya kuitamani

Wengi humjua afisa wa usalama kama mtu wa helmeti nyeupe na reflekta safi anayezunguka akikemea watu. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya kazi, na mara nyingi ni dalili kwamba sehemu kubwa haikufanywa. Siku yangu huanza na mazungumzo mafupi na wafanyakazi kabla ya zamu, kisha kukagua mitambo na njia za kupita, kuandika tathmini, kufuatilia kama yale tuliyokubaliana wiki iliyopita yametekelezwa, na kubishana na mhasibu kuhusu pesa za kununua vifaa. Mtu akiumia, nachunguza chanzo.

Mombasa kazi hii iko kila upande, ila hatari hazifanani. Bandarini Kilindini kuna mizigo inayoning'inia, makontena na magari makubwa yanayorudi nyuma. Shimanzi na Kipevu kuna mafuta, na cheche moja pale haina msamaha. Viwanda vya nguo vina joto, vumbi na milango ya dharura inayozibwa na marobota. Kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi kuna klorini ya bwawa, mafuta ya moto jikoni na sakafu zenye maji. Na kote huku pwani kuna adui mmoja tunayemzoea hadi tukamsahau: chumvi ya bahari. Ngazi, minyororo na kamba za waya huliwa na kutu upesi, na kifaa kinachoonekana kizima kwa juu huwa kimeoza ndani.

Usisahau kwamba nusu ya jina la kazi hii ni afya. Majeraha huonekana siku hiyo hiyo, lakini magonjwa huja polepole. Anayetaka kuelewa jambo hili aisome habari ya Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya madini ya risasi kwa wafanyakazi na majirani. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo, na mwanawe mchanga akaugua. Akaanza kupiga kelele, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kupinduliwa katika rufaa. Vumbi la risasi halikuangukii mguuni ukapiga yowe. Mtu hurudi nalo nyumbani kwenye nguo, akamkumbatia mtoto.

Hatua ya pili: Soma sheria kabla ya kulipa ada

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2007, Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na unaweza kuisoma mtandaoni bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo chukua daftari na uandike kila kifungu kwa Kiswahili chako, kama vile ungemweleza mwenzako mkiwa kwenye foleni ya feri. Zoezi hili lilinisaidia kuliko darasa lolote, kwa sababu wafanyakazi nitakaowaeleza sheria hiyo hawataki Kiingereza cha wakili.

Anza na kifungu cha 6, kinachompa mwajiri wajibu wa kulinda watu wake na kutathmini hatari. Kifungu cha 9 kinahusu kamati ya usalama, na cha 11 ukaguzi unaotakiwa kufanywa na mshauri aliyesajiliwa angalau mara moja kila baada ya miezi 12. Kisha usome kifungu cha 14 mara mbili. Hicho kinasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi pale mpaka hatari irekebishwe. Vibarua wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Jifunze pia muda wa kuripoti ajali. Mtu akifariki kazini, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa serikali wa eneo lake ndani ya saa 24, kisha apeleke taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Kwa aliyeumia bila kufariki, taarifa ya maandishi nayo hupelekwa ndani ya siku saba. Afisa huyo ni wa Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, ambayo watu huiita DOSHS, na wana ofisi hapa Mombasa. Sheria ya fidia, WIBA, nayo ni ya 2007. Aliyefariki au kulemaa kabisa fidia yake ni sawa na mapato ya miezi 96. Ukishajua hesabu hii, utakuwa na jibu kwa bosi anayelalamika kwamba mnyororo mpya ni ghali.

Zipo pia kanuni ndogo ndogo chini ya sheria hii: za moto, za huduma ya kwanza, za kemikali, za ujenzi. Ile ya kelele ya mwaka 2005 ina tarakimu rahisi kukumbuka. Mfanyakazi hatakiwi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane, na kuanzia 85 mwajiri anatakiwa kuwa na mpango wa kulinda masikio. Kama hukushika kipimo, simama mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ukilazimika kupaaza sauti ili akusikie, nenda ukakitafute hicho kipimo.

Hatua ya tatu: Anzia ulipo

Kama tayari una kazi, hata ya kubeba, usiiache ukakimbilie chuo. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa mwajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, inayokutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Wajumbe wanatakiwa kupewa mafunzo. Omba kuchaguliwa. Mimi niliingia hivyo: hakuna aliyeutaka ujumbe, wenzangu wakidhani ni kazi ya bure, nami nikainua mkono. Siku tano za mafunzo yale ndizo zilizonifungua macho, na sikulipa hata shilingi.

Ukitaka kumshawishi mwajiri, mkumbushe kwamba tayari anatozwa ushuru wa mafunzo wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Mwajiri anayelipa anaweza kudai arudishiwe gharama za kuwafundisha watu wake kwa wakufunzi waliosajiliwa na NITA, ilimradi afuate utaratibu na kuomba mapema. Wenye kampuni ndogo wengi hulipa mwaka nenda mwaka rudi wasidai chochote.

Kwa asiye na kazi, cha kwanza kutafuta ni cheti cha huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha. Kisha mafunzo ya kuzima moto. Hivi viwili ni vya siku chache na vinakupa kitu cha kuweka mezani.

Hatua ya nne: Chagua chuo kwa macho makavu

Hapa ndipo nilipoumia. Baada ya yale mafunzo ya kamati nilikuwa na moto, nikaona bango la chuo kimoja ghorofani katikati ya mji: diploma ya usalama kwa miezi mitatu. Nikauza pikipiki niliyokuwa nimeinunua kwa jasho la miaka miwili. Darasani tulisomewa slaidi. Hakuna siku tuliyogusa hanesi, ule mkanda wa kujifungia ukifanya kazi juu, wala mtungi wa kuzimia moto. Nilipopeleka cheti kuombea kazi, dada wa ofisi ya ajira akakitazama, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hiki chuo kimesajiliwa?" Sikuwa na jibu. Nikarudi kubeba mizigo mwaka mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti, fanya haya. Ingia kwenye tovuti ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi chini ya sheria ya 2013, uangalie kama chuo kimo kwenye orodha. Kisha angalia kama kozi yenyewe unayoitaka imeidhinishwa, kwa kuwa chuo chaweza kuwa halali lakini kozi haimo. Uliza nani anatoa mtihani na cheti kitakuwa cha ngazi ipi. Uliza jina la mkufunzi na amefanya kazi wapi. Omba uonyeshwe chumba cha mafunzo ya vitendo. Wakikasirika, umeshapata jibu.

Katika mfumo wa vyuo vya ufundi, ngazi ya 6 ni diploma, na kwa kawaida huhitaji C- ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Ngazi ya 5 ni cheti cha ufundi, na D yaweza kukuingiza. Anza kuulizia vyuo vya umma: Kenya Coast National Polytechnic na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor. Ukichaguliwa chuo cha umma kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, unaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao chuo cha ghorofani hakitakutajia.

Nina ushauri mmoja ambao wengine hawaupendi. Kama wewe ni mdogo na hujasomea chochote, somea kwanza fani yenye mikono: umeme, ujenzi, umekanika au maabara. Kisha uongeze usalama juu yake. Nimefanya kazi na maafisa wenye vyeti vingi ambao hawawezi kumwambia fundi umeme kwa nini swichi ikishazimwa lazima ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Fundi hujua upesi kama unaijua kazi yake. Akishaona huijui, atakuitikia na kuendelea vilevile.

Kuna pia vyeti vya kimataifa. NEBOSH ni bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979, na cheti chake cha jumla cha kimataifa kinaheshimiwa sana na kampuni za mafuta na za ujenzi, zikiwemo za nchi za Ghuba wanakokwenda vijana wetu wengi. Kina sehemu mbili: mtihani unaoufanya vitabu vikiwa wazi, na tathmini ya hatari unayoiandika kuhusu mahali halisi pa kazi. Kwa sababu ya sehemu hiyo ya pili, aliyekwisha kufanya kazi hukipata kwa urahisi zaidi. Ada yake ni kubwa. Usianze nacho. Kisubiri mpaka uwe na mwaka mmoja au miwili kazini, na hakikisha anayekufundisha ametajwa na NEBOSH wenyewe.

Anayetaka meli ajue kwamba hiyo ni njia nyingine. Baharia huhitaji vyeti vya usalama vya mkataba wa kimataifa wa STCW: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wake melini. Aende akaulize Bandari Maritime Academy.

Hatua ya tano: Jifunze kuandika tathmini ya hatari

Ukiweza hili, umeiweza kazi. Nitatumia mfano mmoja wa hapa kwetu: kufungua kontena.

Kontena la nafaka limefika kwenye godauni. Vijana sita wanangoja kupakua, na dereva ana haraka. Simama, tazama. Kihatarishi cha kwanza hakionekani: mzigo huenda ulipigwa dawa ya wadudu kabla ya kusafirishwa, na gesi ya fosfini bado imo ndani. Gesi hii huua. Watu husema hunuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua, kwa kuwa kiwango cha kudhuru chaweza kuwapo bila harufu yoyote. Kihatarishi cha pili ni mzigo ulioegemea mlango. Safarini magunia huhama, na anayefungua huangukiwa nayo kifuani.

Sasa jiulize nani anaweza kudhurika: anayefungua, wanaoingia kwanza, na yule kijana aliyejilaza kwenye kivuli cha kontena. Kisha tafuta kinga kwa mpangilio huu, usiuruke. Kwanza, hatari inaweza kuondolewa kabisa? Muulize mwagizaji kama mzigo ujao unaweza kulindwa kwa njia isiyo ya gesi. Pili, inaweza kutengwa na watu? Kontena lifunguliwe uwanjani, mbali na ofisi na mama ntilie. Tatu, kifaa gani kitazuia? Mnyororo au mkanda unaofungwa kati ya milango miwili, ili mlango ufunguke kidogo tu na mzigo ukianguka uzuiwe. Kisha milango iachwe wazi hewa ipite, na gesi ipimwe kwa kipimo chake kabla ya mtu kuingia. Nne, utaratibu: nani peke yake anaruhusiwa kufungua, nani anasoma hati za mzigo na vibandiko vya dawa, nani anasaini. Mwisho kabisa ndipo tunafika kwenye mavazi. Na hapa watu hukosea vibaya: maski ya vumbi haizuii gesi hata kidogo. Inamfanya mtu ajione salama akaingia.

Andika yote kwenye karatasi yenye safu: kihatarishi, nani ataumia na vipi, kinga iliyopo, kinga inayokosekana, nani ataifanya, tarehe gani. Safu mbili za mwisho ndizo roho ya karatasi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika, "wafanyakazi waambiwe wawe makini". Nikamrudishia. Mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri kwenye joto la Februari hana umakini wa ziada wa kutupa. Mpe mnyororo.

Hatua ya sita: Tafuta mahali pa kufanyia mazoezi

Beba barua ya chuo na bima ya ajali, maana wengi hawakupokei bila hiyo. Usiombe bandarini tu. Viwanda vya Changamwe, hospitali na mahoteli hupokea wanafunzi na hufundisha vizuri. Muda wote wa mazoezi weka daftari. Kila siku andika jambo moja ulilolibaini, ulimwambia nani, na lilifanywa nini. Usipige picha bila ruhusa. Rekodi pia yale yaliyonusurika, kama gunia lililoanguka pasipo mtu, kwa kuwa gunia hilo litaanguka tena.

Hatua ya saba: Jifunze kusema na watu

Hakuna chuo kilichonifundisha hili. Siku moja nilimkuta mzee wa uashi juu ya jukwaa, ubao mmoja chini ya miguu, hana kizuizi pembeni. Ana miaka ya kazi kuzidi umri wangu. Ningempigia kelele kutoka chini, angegeuka, na huenda kugeuka kwenyewe kungemwangusha. Nikangoja ashuke kuchukua maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, ubao ule umeuweka wewe?"

"Nimeukuta. Mbao nyingine wamechukua kupiga zege."

"Ungekuwa na mbao tatu ungefanya kazi vizuri zaidi?"

Akacheka. "Ningemaliza jana."

Basi shida haikuwa ukaidi wa mzee. Mbao zilikuwa hazitoshi, na hakuna aliyemuuliza. Nikaenda kwa msimamizi, kazi ya juu ikasimama saa mbili, mbao zikaja. Tangu siku hiyo mzee yule huniita mwenyewe akiona jambo.

Sema Kiswahili. Nimeona mabango mazuri ya Kiingereza yametundikwa mahali ambapo nusu ya vibarua hawayasomi. Na ewe dada unayesoma haya, usiambiwe kwamba wanaume hawatakusikiliza. Mkaguzi mkali kuliko wote niliofanya nao kazi ni mwanamke, na akiingia kiwandani mashine zisizo na kingio huzimwa kabla hajafungua kinywa.

Hatua ya nane: Siku ya usaili

Beba vyeti halisi na nakala, daftari lako la mazoezi, na tathmini moja uliyoiandika mwenyewe. Vaa viatu unavyoweza kutembelea uwanjani, kwa kuwa waajiri wazuri hawakumalizi ofisini. Watakupeleka nje na kukuuliza unaona nini. Usikimbilie kutaja nani hakuvaa helmeti. Tazama njia za kutokea, vinavyoning'inia, vinavyozunguka, na wapi watu na magari wanapitana. Ukiona jambo, uliza swali kabla ya kutoa hukumu.

Mimi nilipopelekwa niliona mlango wa dharura wa godauni umefungwa kwa kufuli. Nikauliza ufunguo anao nani. Meneja akamuuliza msimamizi, msimamizi akamuuliza karani, karani akapiga simu. Ufunguo ulikuwa Likoni, ng'ambo ya feri, mfukoni mwa mlinzi wa zamu ya usiku, na mwenyewe amelala.